Asiyekuja kliniki haandikwi

Rejista ya kliniki ina kasoro moja isiyoondolewa na mwandiko mzuri: humwandika aliyekuja tu. Mama mjamzito akifika mezani, jina lake huandikwa, uzito wake huandikwa, shinikizo la damu huandikwa, na dawa alizopewa huandikwa. Asipofika, hakiandikwi kitu. Ukurasa wa siku ile hujaa majina ya wenzake, mwisho wa mwezi hesabu ya waliohudumiwa hupelekwa wilayani ikiwa haina doa, na aliyekosekana hubaki bila mstari. Asiye na mstari hana wa kumtafuta.

Nchi ya Unyamwezi ina kumbukumbu ya tatizo hili iliyo ya kale kuliko kliniki zake. Usoke ni stesheni ya Reli ya Kati, magharibi ya Tabora na kabla ya kufika Urambo, katika ukanda ambao misafara ya karne ya 19 iliuvuka ikielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake mizigo ilibebwa mabegani, na wabebaji waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Utoro wa wapagazi ulikuwa shida ya kila msafara. Mkuu wa msafara aliyehesabu mizigo iliyofika kambini jioni alijua ana mizigo mingapi, basi. Nani hayupo, na alionekana mara ya mwisho kambi gani, hilo lilijulikana tu majina ya walioondoka yalipoitwa moja moja tangu la kwanza. Kuhesabu waliofika na kuita majina ya walioondoka ni kazi mbili tofauti. Huduma za afya za leo huifanya ile ya kwanza kwa bidii kubwa, na ile ya pili kwa nadra.

Katika lugha ya kompyuta kazi ile ya pili ina jina lisilovutia: kugeuza mistari kuwa safu. Mafundi wa kanzidata huiona kuwa kazi ndogo, ya kupendezesha ripoti. Katika zahanati ya kijiji si ndogo hata kidogo, kwani ndiyo inayoweza kumwonyesha mkunga ni nani alitakiwa awepo leo na hayupo.

Ili jambo lieleweke, uchukuliwe mfano wa kubuni wenye namba zisizo za ajabu. Mfumo wa kompyuta wa kituo huhifadhi kila hudhurio kwa mstari wake. Mama mwenye namba 118 alikuja mimba ikiwa na wiki 14, akapimwa shinikizo la damu: 102/60. Mstari mmoja. Baada yake wakaja akina mama wengine arobaini, kila mmoja na mstari wake. Wiki ya 22 akarudi: 110/68. Mstari mwingine, mbali sana na ule wa kwanza. Wiki ya 28, 120/76. Wiki ya 33, 134/86. Kila safari muuguzi aliyekuwa zamu aliitazama namba iliyokuwa mbele yake, akaona kwamba haijafika 140/90, akaandika kuwa iko kawaida. Hakukosea. Kila mstari, ukisomwa peke yake, ni wa kawaida.

Mistari hiyo minne ikilazwa ubavu kwa ubavu, mama mmoja kwa mstari mmoja na mahudhurio yake katika safu, inasomeka hivi:

Namba 118: wiki 14, 102/60; wiki 22, 110/68; wiki 28, 120/76; wiki 33, 134/86.
Namba 119: wiki 15, 112/70, wiki 21, 108/66, la tatu, wazi, la nne, wazi.

Mama wa kwanza anapanda ngazi. Hilo peke yake si utambuzi wa ugonjwa, kwa sababu shinikizo la damu huweza kupanda kiasi katika miezi ya mwisho ya mimba bila madhara. Lakini ni sababu tosha ya kupima protini katika mkojo siku hiyohiyo, kumuuliza kuhusu kuumwa kichwa na kuona maluweluwe, na kumtaka arudi baada ya siku chache badala ya wiki kadhaa. Kifafa cha mimba huua, na mara nyingi hutanguliwa na ngazi ya namna hii ambayo hakuna aliyeitazama yote kwa pamoja. Mama wa pili hana ngazi. Ana nafasi mbili zilizo wazi, na katika orodha ya mistari nafasi hizo hazikuwapo: alikuwa na mistari miwili myema, ya mama mwenye afya njema aliyehudumiwa vizuri.

Amri inayoleta mabadiliko hayo huitwa ulizo. Kwa maneno ya kawaida, ulizo husema hivi: kusanya mistari yote yenye namba moja ya mama, mstari ukiwa wa hudhurio la kwanza, chukua kipimo chake ukiweke katika safu ya kwanza, ukiwa wa hudhurio la pili, kiweke katika safu ya pili, endelea hivyo mpaka safu ya mwisho, pasipo na mstari, acha wazi. Microsoft Access, ambayo kwa miaka mingi imetumika kutunza taarifa za kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ina aina nzima ya ulizo iliyotengenezwa kwa kazi hii. SQL Server ilipewa neno maalumu, PIVOT, katika toleo la 2005. MySQL haina neno hilo, na anayeitumia huandika masharti yake moja moja kwa mkono. Tofauti hizo zinawahusu mafundi. Mhudumu wa afya anatakiwa kujua tu kwamba jambo hilo linawezekana, kwamba ulizo huandikwa mara moja na kutumika kila wiki, na kwamba halimdai yeyote aandike neno jipya. Hupanga upya yale ambayo muuguzi amekwisha kuyaandika kwa jasho lake.

Wakunga wa zamani wana haki ya kucheka hapa. Rejista za karatasi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioanza katika miaka ya 1990, zilikwisha kulifahamu jambo hili. Rejista ya wajawazito humpa mama mstari mmoja, na dozi zake za dawa ya kuzuia malaria huandikwa kuelekea kulia, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rejista ya watoto hufanya vivyo hivyo kwa chanjo. Mkunga aliyeteremsha kidole chake katika safu ya tatu aliziona nafasi zilizo wazi bila umeme wala mtandao. Rejista ya wagonjwa wa nje, ile namba 5, ndiyo iliyoandikwa kwa mistari ya mahudhurio, na kwa kazi yake ilifaa. Kompyuta ilipoingia, kila kitu kilivunjwa kuwa mistari, kwa sababu kompyuta hupenda kuhifadhi hivyo: ni rahisi kuongeza, ni rahisi kuhesabu, na haipotezi nafasi kwa yale yasiyotokea. Hapo ndipo palipoharibika. Yale yasiyotokea ndiyo mkunga aliyokuwa akiyatafuta kwa kidole.

Kuna watakaojibu kwamba wilaya na mkoa tayari wana majedwali yenye safu, na kwamba mfumo wa DHIS2, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, una chombo kizima cha kuyatengeneza. Ni kweli. Ndani ya DHIS2 kila taarifa ni mstari wenye jina la kipimo, kipindi, kituo na thamani, na chombo hicho huigeuza mistari hiyo kuwa jedwali lenye miezi juu na vituo pembeni. Ni kazi nzuri, na imewawezesha waganga wakuu wa wilaya kuona kituo ambacho hakijaleta taarifa. Lakini ripoti ya mwezi inayoingizwa humo ni jumla, haina watu. Kituo hupeleka idadi ya dozi zilizotolewa. Majina hubaki kituoni.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana vizuri katika dawa ya SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba mama apewe angalau dozi tatu, kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba, dozi na dozi zikiachana kwa mwezi mmoja au zaidi. Dozi 30 zikitolewa katika muhula, huenda akina mama 10 walipata tatu tatu, na huenda akina mama 30 walipata moja moja. Jumla ni ileile. Hata ripoti inapotenganisha dozi ya kwanza na ya tatu, waliohesabiwa katika dozi ya tatu mwezi huu si lazima wawe walewale waliohesabiwa katika ya kwanza miezi iliyopita. Upande wa chanjo kioja hiki kinajulikana zaidi: huhesabiwa ni watoto wangapi walioanza chanjo ya Penta lakini hawakufika dozi ya tatu, na mara nyingine jibu huwa chini ya sifuri, yaani waliomaliza ni wengi kuliko walioanza. Watoto wamehamia kutoka kwingine, au mtu amehesabu vibaya. Vyovyote iwavyo, namba hiyo haimtaji mtoto hata mmoja.

Jumla haigeuzwi tena kuwa watu. Mgeuzo unaofaa ni ule unaofanyika kabla ya kujumlisha, mahali majina yalipo, yaani katika zahanati na kituo cha afya chenyewe. Kuupeleka wilayani ni kuchelewa, na kuuacha Dodoma ni kuchelewa zaidi. Vituo vyenye mfumo wa kielektroniki vipewe ulizo hili likiwa tayari, kwa kitufe kimoja, na mhudumu aweze kulifungua Jumatatu asubuhi kabla foleni haijaanza. Vituo visivyo na mfumo virudishiwe heshima ya kidole na rejista pana, na msimamizi anayekuja kutoka wilayani, kabla ya kuuliza jumla ya mwezi, afungue ukurasa wa miezi minne iliyopita na kuuliza habari za nafasi tatu zilizo wazi.

Jedwali pana lina hatari zake nalo, na anayelisifu bila kuzitaja hajalitumia.

Hatari ya kwanza iko katika nafasi tupu yenyewe. Tupu si sifuri. Kuna mafundi ambao, kwa kupenda usafi, huliagiza ulizo lijaze sifuri kila palipo wazi. Jedwali hupendeza, na hapohapo huanza kusema uongo: mama ambaye hakupimwa anakuwa mama aliyepimwa akaonekana na shinikizo la sifuri, na wastani wa kijiji kizima unashuka. DHIS2 nayo, isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Kituo kilichoandika kwa uaminifu kwamba mwezi huu hakikupata mgonjwa wa surua hata mmoja kinaweza kuonekana sawa na kituo kilichonyamaza. Nafasi tupu ina maana nyingine pia iliyo ya kawaida kuliko zote: wakati bado. Mama mwenye mimba ya wiki 20 hana kosa kuwa wazi katika safu ya nne. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 yanataka mama akutane na mhudumu mara nane, la kwanza kabla ya kumaliza wiki 12, kisha wiki za 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwa hiyo jedwali lisiloonyesha umri wa mimba leo litawatangaza watoro ambao si watoro. Kwa watoto ni rahisi zaidi, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa inajulikana na ratiba ni thabiti: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Mwenye kutaka kuanza na aanze na chanjo.

Halafu kuna swali ambalo ulizo humlazimisha mtu alijibu hata kama hakulifikiria: vipimo viwili vikiangukia katika nafasi moja, kiwekwe kipi? Mama alipimwa asubuhi akakutwa na 150/95, akapumzishwa, akapimwa tena, 128/80. Ulizo likiambiwa lichukue kikubwa, litachukua cha asubuhi. Likiambiwa cha mwisho, litachukua cha baadaye. Na likiambiwa lijumlishe, kama yafanyavyo maulizo mengi yaliyonakiliwa kutoka katika hesabu za dukani, litatoa mama mwenye shinikizo la 278. Kwa uzito ni hivyo hivyo: mama wa kilo 60 aliyepimwa mara mbili siku moja anakuwa wa kilo 120, na hapo angalau mtu atacheka na kurekebisha. Kosa la kuchukua cha mwisho halichekeshi mtu, na huficha kipimo cha asubuhi ambacho kilihitaji kufuatiliwa. Uamuzi huo ni wa kitabibu. Hastahili kuachiwa aliyeandika ulizo peke yake, awe hodari kiasi gani.

Lililo gumu kuliko yote ni kujua kwamba mistari miwili ni ya mtu mmoja. Ulizo hukusanya kwa namba ya mama au ya mtoto. Namba ikiwa mbovu, kila kitu kinachofuata ni kibovu. Jina halitoshi. Katika Unyamwezi na Usukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata mara nyingi huitwa Shija. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Kulwa kadhaa walio katika ratiba ya chanjo kwa wakati mmoja, na Kulwa wa kike na wa kiume jina ni moja. Herufi nazo hubadilika kwa mwandishi: huyu ataandika Doto, yule Dotto. Ulizo halijui kwamba ni mtoto mmoja. Litampa kila mmoja mstari wake, na kila mmoja atakuwa na nusu ya chanjo.

Maeneo ya Usoke na Urambo yana ugumu wao zaidi ya huu. Ni nchi ya tumbaku. Msimu wa kupanda na msimu wa kukausha katika mabani huhamisha familia na vibarua, na mama aliyeanza kliniki katika kijiji kimoja anaweza kuwa shambani mwa mbali miezi miwili baadaye. Wengine hurudi kwa mama zao kujifungua, kama ilivyo desturi. Huko waendako, kadi ikiwa imesahaulika nyumbani, huandikishwa upya na kupewa namba mpya. Katika jedwali la kituo cha kwanza huyo ni mama aliyetoweka baada ya hudhurio la pili. Katika jedwali la kituo cha pili ni mama aliyechelewa kuanza. Wote wawili wanaonekana wazembe, na hakuna aliye mzembe. Mhudumu anayeichukua orodha ya waliokosa na kwenda nayo kijijini kwa ukali, akidhani kila nafasi tupu ni ukaidi, atawafukuza hata waliokuwa wakija. Swali la kwanza mlangoni liwe kama familia ipo salama na iko wapi. Lawama inaweza kungoja, na mara nyingi haitahitajika kabisa.

Hapa ndipo kadi ya kliniki inapopata thamani yake halisi, na ndipo msomaji asiye mhudumu wa afya anapohusika. Kadi ya mjamzito na kadi ya ukuaji wa mtoto ni majedwali mapana yaliyokwisha kugeuzwa, ya mtu mmoja, yanayosafiri naye. Hayamtegemei fundi wala mtandao. Mama anayeondoka Usoke kwenda Kaliua na kadi yake mfukoni anaondoka na safu zake zote. Akiiacha, anaanza upya mbele ya mtu asiyemjua. Anayeishika kadi ana haki ya kuitazama na kuuliza: kwa nini hapa pako wazi? Nilipewa dozi isiyoandikwa, au sikupewa? Baadhi ya wahudumu huliona swali hilo kuwa ujuaji, nao wamekosea. Ndilo swali lilelile ambalo ulizo huliuliza kwenye kompyuta, na mgonjwa huliuliza bure, siku hiyohiyo, akiwa bado mbele ya mtu anayeweza kuijaza nafasi hiyo.

Lipo bado suala la siri. Mistari iliyotawanyika hulinda siri kwa utawanyiko wake: ni kazi kuunganisha hudhurio la Machi na la Juni. Jedwali pana huunganisha kila kitu, na mstari mmoja unaweza kubeba jina, kijiji, majibu ya kipimo cha VVU, kaswende, mimba zilizoharibika na tarehe zake. Aliyelichapisha na kulisahau juu ya meza amefungua maisha ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Orodha anayopewa mhudumu wa afya ngazi ya jamii ili awatembelee waliokosa iwe na namba, jina, kitongoji na tarehe iliyopita, basi. Safu ya kwa nini anahitajika haimhusu. Mtoto aliyekosa chanjo na mama aliyekosa dawa za kufubaza virusi waende katika orodha moja isiyotofautisha, ili jirani anayemwona mhudumu akibisha mlangoni asiweze kukisia lolote.

Wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Hilo linajulikana na si kisingizio. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kuongezewa jedwali la kujaza. Ndiyo maana pendekezo hili halina fomu mpya. Linataka saa moja kwa wiki ya kusoma, na nusu yake inaweza kupatikana kwa kuacha kunakili takwimu zilezile katika daftari la pili na la tatu, kazi ambayo vituo vingi huifanya ili wageni wakija wakute vitabu vimejaa. Vyuo vinavyofundisha wauguzi na matabibu navyo vimekuwa vikifundisha kujaza rejista kwa usahihi, na somo huishia hapo. Mwanafunzi anamaliza masomo akijua kuandika mstari bila kosa, wala hajawahi kuombwa asome safu kutoka juu hadi chini na kusema ni nani anayekosekana.

Kuna mtu mmoja ambaye hata ulizo lililoandikwa kwa ustadi kabisa halitamwonyesha. Ni mama ambaye hakufika hata mara moja. Aliyefika mara moja ana namba, na mwenye namba ana mstari, na nafasi zake tupu zinaweza kuhesabiwa. Asiyefika kabisa hayumo katika orodha ya mistari wala hayumo katika jedwali pana. Ili aonekane, jedwali la zahanati lingepaswa kulinganishwa na orodha nyingine iliyoandikwa nje ya zahanati, ya kaya na wakazi, ambayo hutunzwa na serikali ya kijiji. Daftari hizo mbili zipo katika vijiji vingi, na umbali kati ya ofisi ya mtendaji na zahanati mara nyingi ni wa kutembea kwa miguu.